Wakikuongeza Mshahara, Uliza Wananunua Nini



Ndani ya wiki tatu zilizopita watu wanne wameniuliza swali moja. Wawili waliniandikia kwenye simu usiku, mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada, na mmoja alikuja ofisini akakaa kwanza akalia. Swali lao ni hili: "Pasta, naipenda kazi yangu. Lakini nimepata nyingine inayolipa zaidi. Niende ama nikae?"

Niliahidi Jumatano kwamba nitaandika. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwenye matatu, soma nusu sasa na nusu ukifika nyumbani.

Naanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na ndugu mmoja aliyepiga kinanda hapa kanisani. Wale wa zamani mtamkumbuka, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme. Alikuwa ameajiriwa na mzee mmoja kwenye duka la kutengeneza redio na televisheni. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kijana aliipenda ile kazi. Angefungua redio asubuhi, aiweke vipande vipande mezani, na saa ya chai ikapita bila yeye kujua. Siku moja akaitwa kazi Mombasa, kampuni ya usafirishaji, mshahara zaidi ya mara mbili. Akaja kwangu.

Nikamwambia, "Ndugu, Mungu amekupanda hapa. Usikimbilie pesa." Akaniamini. Akapiga simu mbele yangu, akaikataa ile kazi.

Wapendwa, sikuomba hata dakika tano kabla ya kumpa neno lile. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kinanda. Hatukuwa na mtu mwingine wa kupiga, na mkutano wa injili ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Nilichukua haja ya kanisa langu, nikaivisha jina la Bwana, nikampa kijana kama mapenzi ya Mungu.

Mwaka uliofuata baba yake akaugua akalazwa. Bili ikapanda. Tulifanya mchango hapa kanisani, na watu walijitoa, Mungu awabariki, lakini hatukuimaliza. Walikopa. Waliuza ng'ombe, halafu wakauza na kipande cha shamba. Ndugu yule hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Jumapili alikuja akapiga kinanda kama kawaida. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Kwa hivyo la kwanza ninalotaka ulijue ni hili. Kila mtu anayekushauri kuhusu kazi yako ana kitu anachopata ama anachopoteza. Mkubwa wako wa sasa hataki kutafuta mtu mwingine. Mama yako anataka uwe karibu. Shemeji anataka uwe na pesa. Na mchungaji wako pengine anataka mpiga kinanda. Hiyo haimaanishi wanakudanganya. Inamaanisha usikilize, uwashukuru, halafu ujiulize: huyu angenishauri hivi kama asingenihitaji?

Sasa nije kwa dada mwingine, ambaye pia ameniruhusu. Nimebadilisha mambo machache asitambulikane.

Ilikuwa mwaka wa 2025. Dada huyu ni mwalimu wa PP2 katika shule ya kibinafsi. Ana mtoto mmoja anayemlea peke yake, na ana mama yake kijijini mwenye ugonjwa wa sukari. Mshahara wake ni shilingi 22,000. Anawapenda wale watoto. Anajua ni nani amekuja bila kula, anajua ni nani analala kwa nyanya yake, anajua ni nani akinyamaza asubuhi basi nyumbani kumekuwa na ugomvi. Ukimsikia akieleza vile mtoto fulani amesoma neno lake la kwanza, unajua Mungu alimwumba kwa ajili hiyo.

Akapata kazi katika kampuni ya mikopo midogo, awe afisa wa mikopo. Mshahara 48,000. Akapewa wiki moja ajibu.

Alipofika kwangu alikuwa amefunga siku tatu. Akasema, "Pasta, nataka neno. Ukisema niende nitaenda, ukisema nikae nitakaa."

Mnajua vile ni tamu mchungaji kuambiwa hivyo? Na dada huyu alikuwa mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, tena yule anayekuja mapema kupanga viti. Nikakumbuka kinanda. Nikamwambia, "Mwalimu, leo sina neno. Nina karatasi na kalamu. Keti tuhesabu."

Wengine mtaona hayo si ya kiroho. Lakini Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na akasema mtu wa namna hiyo huketi kwanza akapiga hesabu. Huketi. Wengi wetu tunahesabu tukiwa tumesimama, simu mkononi, barua ya kazi mpya ikituangalia.

Hii ndiyo hesabu tuliyofanya, kwa makato ya wakati ule.

Kwa mshahara wa 22,000, NSSF ilikuwa asilimia 6, yaani 1,320. Bima ya afya asilimia 2.75, yaani 605. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 330. PAYE hakuna, kwa sababu ile nafuu ya 2,400 kila mwezi inaimeza yote. Mkononi: 19,745.

Kwa mshahara wa 48,000, NSSF 2,880. Bima ya afya 1,320. Ushuru wa nyumba 720. PAYE karibu 5,300. Mkononi: kama 37,780.

Umeona? Kwenye barua tofauti ni 26,000. Mkononi tofauti ni 18,000 na kidogo. Bado ni pesa nzuri. Tukaendelea.

Shule anaenda kwa miguu na anakula chakula cha mchana huko huko. Kazi mpya ni matatu kwenda na kurudi, 200 kwa siku, na chakula 150. Jumamosi ni siku ya kazi, kwa hivyo siku 26. Hiyo ni 9,100.

Mtoto wake anasoma katika shule hiyo hiyo na analipiwa nusu karo kwa sababu mama ni mwalimu. Akiondoka, atalipa 15,000 zaidi kila muhula. Mihula mitatu ni 45,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12: 3,750.

Sasa hivi anarudi nyumbani na mtoto mkono kwa mkono. Kazi mpya inatoka saa moja jioni. Jirani wa kukaa na mtoto, 2,000.

Tukatoa yote. Zikabaki kama 3,200 kwa mwezi.

Dada alinyamaza. Alikuwa amelala usiku mzima na 26,000 kichwani, akizigawa: hii ya mama, hii ya kuhama nyumba, hii ya chama.

Lakini ngoja, usikimbie kusema "basi akae." Mimi nilimwambia tuwe waaminifu pande zote mbili. NSSF yake ingeongezeka kwa 1,560 kila mwezi na mwajiri angeongeza kiasi hicho hicho, na hiyo ni akiba yake ya uzeeni. Kazi ile ina nafasi ya kupanda cheo. Pale shuleni mshahara ulikuwa haujasonga kwa miaka mitatu. Na dawa za mama yake ni kama 3,000 kwa mwezi. Kwa hivyo ile 3,200 si mchezo. Ni mama kumeza dawa kila siku badala ya kuruka siku ili zifike mwisho wa mwezi.

Karatasi haikumwamulia. Ilimwonyesha tu ni kitu gani hasa anachoamua.

Hapa ndipo nataka nitoe maoni yangu, na unaweza kukataa.

Sisi wahubiri tumewachanganya. Jumapili hii tunahubiri kuridhika na kidogo, na mwenye kutafuta mshahara mkubwa anaondoka akijiona mpenda fedha. Jumapili ijayo tunahubiri milango iliyofunguka, na mwenye kubaki mahali pake anajiona hana imani. Mtu huyo huyo amekaa kwenye kiti kile kile wiki mbili na amehukumiwa mara mbili.

Kuhama kwa sababu ya pesa si dhambi. Soma Mwanzo 31. Yakobo aliwaita wake zake shambani akawaeleza kwamba baba yao amembadilishia ujira mara kumi. Mara kumi! Akafunga mizigo akaondoka, na Mungu ndiye aliyemwambia aondoke. Kuna mahali unapofanya kazi ambapo kukaa si uvumilivu, ni kumsaidia mtu akuibie.

Na kuhama kwa sababu ya pesa kunaweza kuwa hasara kubwa. Rudi nyuma kidogo hadi Mwanzo 13. Loti alipewa nafasi achague, akainua macho akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali. Loti hakukosea kutaka malisho. Alikuwa na mifugo, na mifugo lazima ile. Shida ni kwamba aliangalia nyasi peke yake. Maandiko yanatuambia hapo hapo watu wa Sodoma walikuwa watu wa namna gani, lakini hatusomi mahali Loti aliuliza.

Ndiyo maana nasema: wakikuongeza mshahara, uliza wananunua nini.

Hakuna mwajiri anayeongeza pesa bure. Akikulipa mara mbili ya unachopata sasa, kuna kitu anachonunua ambacho huyu wa sasa hanunui. Pengine ni ujuzi wako, ambao umekuwa ukiuuza kwa bei ya kutupa. Kama ni hicho, chukua barua yako uende, na ninakuombea baraka. Pengine ni saa zako za jioni. Pengine ni Jumapili zako. Pengine ni mgongo wako, na ukifika miaka 45 hautakuwa na mgongo. Pengine ni umbali, uwe Nairobi na bibi yako awe Nakuru. Pengine ni ukimya wako, kwa sababu kuna hesabu zinazopikwa pale na wanataka mtu anayejulikana kuwa mwaminifu aweke sahihi.

Ukishajua wananunua nini, jiulize swali la pili: kitu hiki ni changu kuuza?

Jasho langu ni langu. Jumamosi yangu naweza kuiuza kwa muda, nikijua ni ya muda. Lakini baba wa watoto wangu si wangu peke yangu. Siwezi kumuuza bila kuwauliza wenyewe, na wengine hawajui hata kuongea bado. Dhamiri si yangu kuuza kabisa, hiyo ina mwenyewe.

Nikamwambia dada, "Mwalimu, rudi uwaulize kazi yenyewe ni nini. Usiulize mshahara tena, huo unaujua. Uliza: mwanachama wa kikundi akishindwa kulipa, mimi nafanya nini?"

Akaenda akauliza. Yule aliyemhoji alikuwa mtu mkweli, namheshimu kwa hilo. Akamwambia: mwezi wa kwanza unampigia simu, halafu unaenda kwake na wenzake wa kikundi, na ikishindikana mnachukua vile alivyoandika kwenye fomu. Televisheni, viti, jiko la gesi, cherehani. Na wewe afisa unapimwa kwa mikopo inayolipwa.

Nisieleweke vibaya. Kukopesha si dhambi. Kuna akina mama katika kanisa hili walioanza biashara kwa mikopo hiyo, na kuna maafisa wa mikopo humu ndani wanaofanya kazi hiyo kwa utu na kwa machozi. Mwenye deni aliweka sahihi, na deni hulipwa. Lakini tulifungua Kumbukumbu la Torati 24 pamoja na dada yule. Hapo Mungu anawakataza Waisraeli kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kama kuchukua uhai wa mtu. Na chini kidogo anasema mwenye kudai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje aletewe. Nikamwuliza dada, "Siku hizi jiwe la kusagia la mama wa mtaani ni nini?" Akajibu mwenyewe, "Ni cherehani."

Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. "Pasta, naweza kwenda na matatu. Naweza kufanya kazi Jumamosi. Lakini hao akina mama nitakaowaendea ni hawa hawa ninaowafundishia watoto."

Mtu mwingine angeweza kuifanya ile kazi vizuri na Mungu akatukuzwa. Yeye hangeweza bila kuuza kitu ambacho hakuwa tayari kukiuza. Aliamua kukaa. Na sikia, hakuniuliza tena nimpe neno.

Lakini sijamaliza, kwa sababu wengine hapa mmeshaanza kufurahi mapema. "Naona Pasta anasema tukae na kazi tunazozipenda." Hapana. Kuna upande wa pili wa karatasi.

Kukaa pia kuna bei, na mara nyingi anayelipa si wewe.

Wewe unayeipenda kazi yako na hulipwi vizuri, nani anakulipia hayo mapenzi? Kama uko peke yako, huna anayekutegemea, basi unalipa mwenyewe, na hiyo ni haki yako. Lakini kama mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo muhula wa pili mfululizo, yeye ndiye anayelipa. Kama mke wako ndiye anayebeba kodi ya nyumba na chakula mwaka wa nne sasa, na wewe unasema "hii ni huduma yangu," uliza kama alikubali au alinyamaza tu. Paulo anamwandikia Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 5, maneno makali kuhusu mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Anamweka chini hata ya mtu asiyeamini. Hakusema isipokuwa kama anaipenda kazi yake.

Ndugu yangu wa kinanda aliipenda kazi yake, na baba yake akalipa. Na mimi ndiye niliyepokea chenji.

Tena chunga sana maneno haya mawili, "sina amani." Naamini Roho Mtakatifu hutupa amani na hutunyima amani. Nimeishi kwa hilo. Lakini woga wa kuanza upya nao huja ukisema sina amani. Na tamaa huja ikisema nina amani sana. Ndiyo maana napenda mtu ahesabu kwanza, halafu aombe. Maombi ya mtu aliyehesabu ni tofauti. Hasemi tena "Bwana nionyeshe njia" huku jicho moja liko kwenye mshahara. Anasema, "Bwana, hii 3,200 ni dawa ya mama, na hii cherehani ni ya mama wa mwenzangu. Nisaidie." Hayo ni maombi yenye vitu ndani yake.

Wazee wetu nao walituachia methali za pande zote mbili. Walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na walisema pia mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ukitaka methali ya kukaa utaipata, na ya kuhama utaipata. Ndivyo ilivyo hata na mistari ya Biblia, ukiwa umeshaamua kabla ya kufungua.

Neno kwa waajiri, maana mko hapa. Mwenye shule, mwenye hoteli, mwenye duka, sikieni. Usitumie wito wa mtu kumlipa kidogo. Ukijua mwalimu anawapenda watoto kiasi kwamba hataondoka, usifanye upendo wake kuwa punguzo lako. Yakobo sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na Bwana wa majeshi anasikia. Kanisa nalo halijaachwa nje. Baada ya kukaa na yule dada, nilifungua daftari letu wenyewe. Mlinzi wetu wa usiku hakuwa ameongezwa mshahara kwa miaka minne, na kila Jumapili namwita mtumishi wa Mungu. Tukakaa na wazee wa kanisa tukamwongeza. Tulichelewa, na nilimwomba msamaha.

Kama umeamua kuhama, hama vizuri. Mambo machache:

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kupata barua ya kazi mpya mkononi. Ahadi ya simu si kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi. Uombe, uusome wote, hata yale maandishi madogo. Na kazi ya kweli haikudai pesa za usajili ndipo uipate.

Uliza kuhusu kipindi cha majaribio. Kisheria hakipiti miezi sita, na kikiongezwa ni kwa kukubali kwako na hakipiti miezi sita mingine. Katika kipindi hicho unaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba tu. Kwa hivyo kama unaacha kazi ya miaka minane, jua kwamba kwa miezi hiyo umesimama kwa mguu mmoja. Weka akiba kabla ya kuruka.

Toa notisi. Kama unalipwa kwa mwezi ni siku 28, isipokuwa mkataba wako unasema zaidi. Usitoroke kazi Ijumaa halafu Jumapili uje kutoa ushuhuda wa mlango uliofunguka. Kabidhi funguo, kabidhi vitabu, mfundishe anayechukua nafasi yako. Omba cheti chako cha utumishi, ni haki yako kisheria. Na kabla ya yote hayo, mwambie mkubwa wako ukweli na umwulize kama anaweza kukuongeza. Wengi wetu tunaomba Mungu nyongeza miaka mitano na hatujawahi kumwomba yule anayelipa.

Dada yetu alimwomba. Alienda kwa mwalimu mkuu na ile karatasi yetu. Ningependa kuwaambia kwamba aliongezwa mara mbili, lakini ushuhuda usiongezwe chumvi. Aliongezewa 2,000, na akaambiwa mengine yataangaliwa baadaye. Jumamosi anafundisha watoto wawili wa jirani masomo ya ziada, na hiyo inasaidia dawa za mama. Bado ni ngumu. Kuna miezi inambana. Lakini aliniambia hivi karibuni, "Pasta, tofauti ni kwamba sasa nakaa nikijua kwa nini nakaa." Nami nilimwambia kwamba siku hesabu ikibadilika, ama mama akizidiwa, asinionee haya mimi wala shule ya Jumapili. Aje tuhesabu tena.

Na ndugu yangu wa kinanda? Alipata nafasi nyingine Mombasa, miaka mitano baada ya ile niliyomnyima. Alikuja kuniambia, sio kuniuliza, na nilimshukuru Mungu kwa tofauti hiyo. Tulimwita mbele ya kanisa, tukamwekea mikono, tukamwachilia. Kwa miezi saba tuliimba bila kinanda, kwa makofi na kayamba, na Mungu alikuwa pale. Ningejua hivyo mapema.

Tuombe.

Baba, unawajua walio na barua mbili mezani usiku huu. Wape ujasiri wa kuhesabu na unyenyekevu wa kuuliza. Anayepaswa kuondoka, mwondolee hofu. Anayepaswa kukaa, mwondolee wivu. Wanaoteseka kwa sababu ya uamuzi wa mtu mwingine, uwakumbuke kwa majina. Na sisi tunaotoa ushauri, utusamehe pale tulipotumia jina lako kwa haja zetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama uko njia panda, usiandike mambo yako yote hapa chini, maana hata mkubwa wako anasoma. Andika tu Amina. Halafu Alhamisi saa nane mchana njoo ofisini. Karatasi ninazo, kalamu uje nayo.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili.